"Ni cha Upare tu" si sababu ya kukataa kitabu

Nimeisikia tena wiki hii, kwenye kikao cha kupanga orodha ya vitabu vipya. Mjumbe mmoja ameusoma mswada, ameusifu, kisha akahitimisha: mswada ni mzuri, ila ni wa Upare tu. Chuo kikuu kitoe vitabu vya taaluma, hivi vya maeneo tuwaachie wenyeji wenyewe. Vichwa kadhaa vikaitikia.

Nimekuwa mhariri wa vitabu vya kitaaluma kwa miaka mingi, na hakuna imani inayonichosha kama hii. Inadai kwamba kuna rafu mbili. Rafu ya juu ni ya taaluma: dola, uchumi, utandawazi, "Afrika". Ya chini ni ya maeneo: milima fulani, pwani fulani, kabila fulani. Mwandishi akiandika kuhusu taifa zima anahesabiwa kuwa anafikiri, akiandika kuhusu tarafa moja anahesabiwa kuwa anakumbuka nyumbani. Ninaikuta imani hii kwa wajumbe wa kamati, kwa wauza vitabu, na kwa waandishi wenyewe, ambao ndio wanaoniuma zaidi kwa sababu wanaiharibu kazi yao kabla haijanifikia. Nitawarudia.

Tuanze na hiyohiyo Upare, milima ya kaskazini mashariki mwa Tanzania.

Mwaka 1967 Isaria Kimambo, mtoto wa milima ile, alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, juu ya historia ya kisiasa ya Wapare. Mwaka 1969 East African Publishing House ya Nairobi ikaitoa kuwa kitabu. Zama zile sehemu kubwa ya historia ya Afrika Mashariki iliandikwa kutokana na nyaraka za wakoloni, wamisionari na wasafiri wa Kizungu. Pasipo na nyaraka palihesabiwa kuwa hapana historia, pana "mila" peke yake. Kimambo aliwaendea wazee, akakusanya simulizi za koo, akazilinganisha: ukoo huu unasemaje kuhusu kuingia kwake Ugweno, kaskazini mwa Upare, ule ulioshindwa unasemaje kuhusu tukio hilohilo, na ule wa tatu, usio na cha kupata wala kupoteza, unakumbuka nini.

Kilichopatikana ni historia ya dola. Washana, mafundi wa chuma, walishika uongozi Ugweno. Wasuya wakawapindua, na chini ya Angovi na baadaye Mranga wakajenga utawala wenye mabaraza na wenye jando lililosimamiwa na watawala. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ikaanza kupita bonde la Pangani. Watawala wadogo, waliokuwa chini ya Ugweno, wakapata njia ya kupata bidhaa na bunduki bila kupitia kwa mkubwa wao, na utawala ukamegeka.

Hayo si mambo ya Wapare peke yao. Dola linajengwaje mahali pasipo na maandishi? Biashara ya mbali inalijenga dola au inalibomoa? Maswali haya yanaulizwa kuhusu Afrika Magharibi, kuhusu Maziwa Makuu, kuhusu kila mahali ambapo msafara ulipita. Huwezi kuyajibu ukiwa umekaa kwenye kiwango cha taifa, kwa sababu katika karne ya 19 taifa hilo halikuwapo. Unayajibu Ugweno, ukoo kwa ukoo.

Kimambo hakuishia hapo. Mwaka 1971 alitoa kijitabu kupitia Chama cha Historia cha Tanzania kuhusu mbiru, kodi ya ngazi iliyoletwa Upare mwanzoni mwa miaka ya 1940, ambayo kila mtu alikadiriwa kiwango chake kulingana na mali yake. Wapare hawakugomea kutoa pesa. Waligomea ukadiriaji: nani anahesabu ng'ombe wangu, na kwa nini jirani yangu mwenye shamba kubwa kuliko langu amepangiwa kidogo? Mwaka 1945 maelfu wakateremka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi. Usangi wanawake wakaandamana wenyewe kumkabili ofisa wa serikali, kwa kuwa waume zao walikuwa Same na nyumba zilibaki mikononi mwao. Hatimaye kodi ile iliondolewa. Mwaka 1991 Kimambo akarudi na kitabu kikubwa juu ya Wapare na uchumi wa dunia kati ya 1860 na 1960, kilichotolewa kwa pamoja na James Currey wa London, Tanzania Publishing House, Heinemann ya Kenya, na Ohio University Press ya Marekani.

Wachapishaji wanne, nchi nne, kwa kitabu cha "Upare tu". Hakuna aliyewalazimisha. Walijua kwamba mtu anayetaka kuelewa jinsi wakulima wanavyokabiliana na dola la kikoloni ataupata ushahidi wa kutosha hapo kuliko kwenye vitabu kumi vinavyosema "wananchi walipinga" bila kusema nani, wapi, na aliacha nini shambani alipoondoka.

Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani ni mfano mwingine, nitaupitia haraka kwa kuwa wengi wenu mnaujua. Simulizi tuliyolelewa nayo shuleni ni moja: Kinjikitile, Ngarambe, maji, umoja. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kwao kukusanya simulizi za vita vile, chini ya mradi wa idara ya historia. Waliporudi, vita havikuwa kimoja tena. Umatumbi, ambako watu waling'oa pamba Julai 1905, palikuwa na kilimo cha shuruti. Ungoni, ambako Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, palikuwa na hesabu nyingine kabisa, hesabu za watawala waliokwisha kuonja ushindi wa Wajerumani na walitaka kurudisha walichonyang'anywa. Nani aliligundua hilo? Utafiti wa maeneo. Na mpaka leo yeyote anayeandika jambo jipya kuhusu Majimaji anaandika kutokea wilaya fulani.

Sasa nirudi kwa waandishi.

Mtu ametumia miaka kadhaa mlimani. Anajua njia, anajua nani hasalimiani na nani na kwa nini. Anakaa kuandika, ile imani ya rafu mbili inamkalia kichwani, naye anaanza kufuta. Anafuta majina ya vijiji na kuweka "eneo la utafiti". Anafuta koo na kuweka "makundi ya kijamii". Anaweka sura mbili za nadharia mwanzoni, zikiwa na majina ya wanafalsafa wa Ufaransa ambao hatawataja tena hadi hitimisho. Anadhani ameupandisha mswada rafu ya juu.

Nimepokea mswada wa namna hiyo juu ya ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la milimani Upare. Maji ya kijito hukingwa usiku, asubuhi yakafunguliwa kuteremka kwa mifereji hadi mashambani chini. Ni kazi ya vizazi: ukoo ulioijenga una heshima yake, zamu zina utaratibu wake, asiyekuja kusafisha mfereji ana adhabu yake. Katika mswada ule kulikuwa na kurasa nyingi juu ya "usimamizi shirikishi wa rasilimali asilia". Nikasoma, nikasoma, nikitafuta mtu mmoja anayefungua ndiva. Hayupo. Nikaandika pembeni: Nani anafungua? Saa ngapi? Maji yakiwa haba nani anakatwa kwanza? Mwenye shamba la chini kabisa anamlalamikia nani, na huyo anayelalamikiwa ni nani wake?

Mwandishi akanijibu kwa barua ndefu, yenye majibu yote. Alikuwa anayajua! Mzee aliyefungua, jina la mjomba aliyemrithisha kazi, mwaka wa ukame ambapo zamu zilivunjwa na watu wakashikana mashati mfereji ukiwa mkavu. Nikamwambia, Daktari, kitabu chako ni hii barua. Alisita. Alihofia wasomi wenzake wangemwona anasimulia hadithi. Ilichukua muda mrefu kumshawishi kwamba nadharia yake ya usimamizi ilikuwa imo ndani ya ule ugomvi wa mfereji, na kwamba bila ugomvi huo msomaji hana namna ya kuipima. Akisema zamu zilivunjika kwa sababu ya ukame, mimi msomaji naweza kuuliza: je, hazikuvunjika kwa sababu vijana walikwisha kwenda mjini na mfereji haukuwa na wa kuusafisha? Akisema "ushiriki ulipungua", sina cha kuuliza. Amejificha nyuma ya neno pana.

Kwa hiyo tofauti ya kitaaluma na kisicho cha kitaaluma haimo katika ukubwa wa eneo. Imo katika swali hili: je, msomaji anaweza kukupinga kwa kutumia ushahidi uliompa mwenyewe?

Kipimo hichohicho kinakata upande wa pili pia, na hapa wenyeji wasinichukie. Kuna miswada ya historia za maeneo ambayo siwezi kuipitisha hata nikiombwa na nani. Orodha ya watemi, kila mmoja hodari kuliko aliyemtangulia. Ukoo wa mwandishi ndio uliofika kwanza, ukavumbua moto, ukawakaribisha wengine wote. Hakuna kushindwa, hakuna mtumwa aliyeuzwa na mtu wa nyumbani, hakuna mwanamke hata mmoja mwenye jina. Simulizi ikigongana na simulizi ya ukoo wa jirani, ya jirani haitajwi. Kazi hiyo ina thamani kwa familia na ni vizuri ihifadhiwe, ila haijalinganisha lolote na lolote, na kulinganisha ndiko kulikoifanya kazi ya Kimambo iwe historia.

Kuhusu mapitio. Kanuni inasema mswada upelekwe kwa wasomi wawili wasiojulikana kwa mwandishi, wala wao wasimjue mwandishi. Katika fani pana inawezekana. Kwa kitabu cha eneo dogo, wanaoijua mada kwa undani duniani wanatosha kwenye daladala moja na viti vingine vikabaki. Mpitiaji anamtambua mwandishi ukurasa wa pili kwa jina la mzee aliyemhoji. Mwandishi naye akisoma ripoti anamtambua mpitiaji kwa makala anayolazimishwa kuirejea. Tunaendelea kuita mapitio ya siri. Nimejaribu kuchukua mpitiaji mmoja wa mada na mwingine wa mbinu kutoka nchi nyingine kabisa, na inasaidia, lakini yule wa nchi nyingine hawezi kugundua kwamba kijiji kimewekwa upande usio wake wa mlima.

Nani anaweza kugundua? Mzee wa pale. Mwalimu mstaafu wa pale. Nimewahi kupendekeza mswada usomwe na watu hao pia, walipwe kama wapitiaji wengine, na maoni yao yawekwe mezani pamoja na ya maprofesa. Wapo waliopinga wakisema mwenyeji ana maslahi. Ni kweli anayo. Profesa anayetaka makala yake irejewe hana? Hata hivyo nakiri kwamba pendekezo langu lina shimo ambalo sijaweza kuliziba: mzee akitaka habari ya babu yake kuuza watu iondolewe, nitamjibu nini? Nikimkatalia, nilimwomba asome ili iweje? Nikimkubalia, kitabu kimekufa. Hapo kila mswada nimeamua kivyake, na sijaridhika na maamuzi yangu yote.

Shaka nyingine inanisumbua zaidi, na vitabu vya mafunzo ya uhariri haviigusi. Kitabu cha eneo hugeuka kuwa sehemu ya eneo. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika kwa Kiswahili habari za Wakilindi, ukoo wa watawala wa Usambara, mwishoni mwa karne ya 19, na kazi yake ikachapwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Humo mna kisa cha Mbega, mwindaji aliyetoka Unguu akaja kuwa mtawala wa Usambara. Steven Feierman alipokwenda Usambara kufanya utafiti miaka ya 1960, kazi iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1974 kutoka University of Wisconsin Press, kisa kile kilikuwa kimekaa kwenye maandishi miongo mingi. Mtafiti wa namna hiyo akimsikiliza mzee anasikia nini: alichosimuliwa na babu yake, au alichosomewa shuleni? Feierman alikuwa makini na alilinganisha masimulizi mengi, na ndiyo sababu kitabu chake kingali kinasomwa. Wengi hawako makini hivyo.

Kila ninapopeleka kitabu cha eneo kiwandani najua kwamba miaka ishirini ijayo kitatolewa mfukoni kwenye baraza la ardhi, ukurasa fulani umekunjwa, na mtu atasema: imeandikwa na chuo kikuu. Matoleo mengine ya kisa yatanyamazishwa na hilo moja tulilolichapa. Ninachoweza kufanya ni kumdai mwandishi aonyeshe ndani ya maandishi yenyewe wapi simulizi zinagongana, kwa majina ya koo, si kwenye tanbihi ya herufi ndogo ambayo hakuna atakayeisoma barazani. Sina hakika kama inatosha.

Bei sasa, kwa kifupi, kwa sababu kila mtu ana la kusema juu ya bei na wachache wanapiga hesabu. Kuhariri, kupanga kurasa, kuchora ramani na kutengeneza faharasa kuna gharama ileile ukichapa nakala 200 au 2,000. Ukizigawa gharama hizo kwa nakala 200, kila nakala inabeba mzigo mzito. Ndiyo maana kitabu cha jalada gumu kinachotoka ng'ambo kuhusu wilaya yako hupita dola 100, na wewe uliyehojiwa humo hukiweki mkononi. Dawa inayojulikana ni ile waliyoitumia wachapishaji wa mfululizo wa masomo ya Afrika Mashariki: James Currey na Ohio wakauza huko kwao, na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, East African Educational Publishers ya Nairobi na Fountain ya Kampala wakatoa toleo lao kwa ajili ya wasomaji wa huku. Kurasa zimepangwa mara moja, masoko yamegawanywa. Mwandishi anayesaini mkataba na mchapishaji wa ng'ambo akamwachia haki za dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo, amewafungia mlango watu aliowaandika. Someni mikataba yenu. Kifungu cha maeneo ya mauzo kinajadilika, na ombi la toleo la hapa huwa halimgharimu mchapishaji wa kule kitu kikubwa.

Lugha ni jambo gumu zaidi. Upandaji vyeo vyuoni kwetu unapendelea Kiingereza, hivyo mwandishi anaandika Kiingereza, na mwalimu wa sekondari kule Mbaga anakisoma kwa taabu au hakisomi kabisa. Jibu la kawaida ni kwamba tafsiri ya Kiswahili itafuata. Haifuati. Nimeona ahadi hiyo kwenye dibaji nyingi, na kitabu chenyewe sijakiona. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili kwa Kiswahili. Mwaka 1903 kazi ikatoka Ujerumani chini ya jina la Carl Velten, na mwaka 1981 University of California Press ikatoa tafsiri ya Kiingereza. Kitabu kilichozaliwa kwa Kiswahili kikatunzwa na vyuo vya mbali, huku wanafunzi wa hapa wengi wakikijua kwa Kiingereza chake. Hilo linanikera kuliko bei, maana bei nakala ya fotokopi huishusha.

Ninachowaomba waandishi wenye miswada ya maeneo ni hiki. Usinitumie sura ya nadharia kwanza. Nitumie sura ambayo ndani yake watu wawili wenye majina wanagombania kitu kinachojulikana, mahali ninapopaona kwenye ramani. Ramani iwe na mito, njia za miguu na mipaka ya zamani, si ile ya wilaya iliyonakiliwa kutoka ofisi ya takwimu. Andaa faharasa ya majina ya koo na vijiji mapema, wewe mwenyewe, kwa kuwa programu ya kompyuta haitajua kwamba Wasuya wa ukurasa wa 12 ndio watawala wa Ugweno wa ukurasa wa 90. Andika ufupisho wa kila sura kwa Kiswahili, kurasa tatu au nne za lugha safi, uingie ndani ya kitabu chenyewe, usisubiri tafsiri ya kuahidiwa. Mimi nitaupigania mswada wako kwenye kikao. Na yule mjumbe wa wiki hii nimemwachia mswada wa Upare aende nao, asome sura ya nne, kisha aniambie Jumatatu ni kitabu gani cha "taifa" kilichowahi kumweleza yaliyomo humo.